Penye Heshima Baiskeli, Penye Kulipa Pikipiki

Jamani, hiki chombo changu ni baiskeli au ni pikipiki? Nauliza kwa nia njema, maana Dar nzima imegoma kukubaliana na anayeumia ni mimi. Penye heshima naambiwa baiskeli. Penye kulipa, pikipiki.

Kina pedeli, kina cheni, kina kengele. Gurudumu la nyuma lina mota, na kwenye fremu kuna betri ya volti 36. Ukinyonga, mota inakusaidia. Ukiacha, nayo inaacha. Ulaya huko ubishi huu waliumaliza zamani: mota isizidi wati 250, isaidie pale unaponyonga tu, ikate msaada ukifika kilomita 25 kwa saa, basi hiyo ni baiskeli, watu wakalale. Sasa nenda kamweleze hayo mlinzi wa ninapofanyia kazi, Kariakoo. "Mzee, ina betri? Si ina betri? Pikipiki hiyo, lipia maegesho." Nikisema nijibanze kivulini kwa vijana wa bodaboda, nao wananitimua: "Toa baiskeli yako hapo mzee, utatufukuzia wateja."

Natokea Mbezi Mwisho. Kwenda ni kilomita 20 na kitu. Kurudi ni hizo hizo, ila zimesimama wima. Asubuhi sina neno, ukishaipita Kimara barabara yenyewe inakumwaga hadi Ubungo. Shughuli ipo Manzese. Kando ya njia ya mwendokasi tumejengewa njia yetu, waenda kwa miguu na baiskeli. Waliomo humo sasa! Meza ya viatu vya mtumba, jiko la chipsi, na bodaboda inakuja usoni kwako imewasha taa na honi, utadhani wewe ndiye uliyepotea. Ukipiga kengele, mama wa mihogo anageuka taratibu: "Baba, si upite barabarani na pikipiki yako?" Ukiingia barabarani, konda kaning'inia mlangoni: "We mzee wa baiskeli, pisha watu wana haraka!"

Na usiombe pancha. Mimi nilikula msumari Magomeni, tairi la nyuma, lile lenye mota. Fundi baiskeli mwenye beseni lake la maji akaligusa gurudumu, akaona waya umeingia kwenye ekseli, akarudisha mkono kama aliyegusa nyoka. "Haya ya umeme, kamwone fundi pikipiki." Fundi pikipiki akachuchumaa, akazunguka, akauliza oili inawekwa wapi. Nikamwambia haina oili. "Sasa mzee, hiyo si baiskeli?" Nikarudi kwenye beseni. Ikabidi nigeuke mwalimu: usifungue gurudumu, acha waya wa watu, laza chombo ubavu, bandua tairi upande mmoja, vuta tyubu nje, ziba hapo hapo. Akaziba vizuri tu, hata sijalalamika. Bei aliyonitajia ni ya pikipiki.

Jioni ndiyo usiseme. Betri ikikuishia Ubungo, unabaki na lichuma la kilo 25, mota imelala, na mlima wote wa Kimara uko mbele yako. Wale jamaa wa mkaa wanarudi na magunia matupu kwenye Phoenix zao za miaka hiyo, wananipita wanapiga stori. Mmoja akanipa pole, halafu akauliza kama nikinyonga inajichaji. Hilo swali kila mtu analo. Haijichaji! Ingekuwa inajichaji ningekuwa nakaa kikao cha Luku mimi?

Maana na hicho kipo. Nyumba ya kupanga, Luku moja, na uniti zikiisha mapema macho yote mlangoni kwangu. Baba mwenye nyumba akaitisha kikao, mama Zai akafungua kesi: "Huyu anachaji pikipiki humu ndani." Nikaja na hesabu zangu kwenye karatasi. Betri yangu ikiwa tupu kabisa, kuijaza ni nusu uniti na kachenji. Pasi ya mama Zai ni wati 1,000, ikikaa moto saa nzima ni uniti nzima hiyo, na yeye ananyoosha sare za watoto, mashuka, mpaka taulo. Nani ananyoosha taulo jamani? Karatasi yangu hakuna aliyeishika. Ikapitishwa nichangie sawa na mwenye friji. Mwenye friji angalau anakunywa maji baridi!

Juzi umeme ukakatika tangu saa kumi na mbili jioni, mtaa mzima giza. Nasikia hodi. Mama Zai, sauti ya upole sijawahi kuisikia: "Baba Junia, eti ile betri ya baiskeli yako ina kitundu cha kuchajia simu?"

Yaani leo ni baiskeli.

Nikamwambia kitundu kipo, mama Zai, ila ile ni pikipiki, na pikipiki ina nauli: kiswaswadu mia tano, simu janja elfu moja. Akaniachia simu janja na mia tano, eti nyingine tutaonana kwenye Luku.