Kansa haisubiri kisu ndo isambae

Huku kwetu kanda ya kati, kuanzia Kongwa mpaka Bahi, palipo na mgonjwa wa kansa lazima utasikia mtu anasema "asiguswe na kisu huyo, ikiguswa tu inasambaa." Mi naona haya maneno yanaua watu, na sisemi hivyo kumdharau bibi au shangazi anayeyasema maana yeye kaona kwa macho yake, jirani kapasuliwa na muda si mrefu kazikwa, utamwambiaje alichoona sicho? Ila mara nyingi mgonjwa kama huyo anafika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa na seli za kansa zilishatoka zamani, kabla hata daktari hajavaa glavu.

Zinatokaje sasa? Mwili una protini ndogo ndogo zinaitwa kemokini, ziko kama 50 hivi, na kazi yake kubwa ni kuziita seli za kinga. Ukichomwa na mwiba mguuni kemokini zinamwagwa pale, na seli za kinga zenye vipokezi vya kuzitambua zinaenda zikifuata kule zilikozidi, kama wewe Jumamosi pale mnada wa Msalato unavyofuata moshi wa nyama choma bila kuuliza njia. Shida ni kwamba seli ya kansa nayo inaweza kuota vipokezi vilevile, ikaitikia wito usio wake.

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa na saratani ya matiti, akaona ugonjwa hauangukii popote tu, ini linashambuliwa sana wakati wengu, ambao nao unapata damu ya kutosha, mara nyingi unaachwa. Ikapita zaidi ya miaka mia ndo 2001 watafiti Anja Müller, Albert Zlotnik na wenzao wakaonyesha kwamba seli za saratani ya matiti zimejaa vipokezi viwili, CXCR4 na CCR7, na kemokini zinazoendana navyo, CXCL12 na CCL21, ziko kwa wingi kwenye matezi ya limfu (vituo vya seli za kinga), mapafu, ini na uboho wa mifupa, yaani kulekule kansa ya matiti inakopenda kwenda. Walipoiziba CXCR4 kwenye panya, kusambaa kukapungua. Kisu kiko wapi hapo?

Na uvimbe wenyewe haukai kimya, nao unaita. Unamwaga kemokini nyingine, CCL2, seli za kinga zinatoka kwenye uboho zinakuja mbio, zikifika zinageuzwa vibarua, zinasaidia mishipa mipya ya damu kuota na seli za kansa kupenya kwenda nje. Kuna mtu atasema hata upasuaji ni kidonda na kidonda kinaita kemokini, na ni kweli, sikatai, watafiti wanalifuatilia hilo. Lakini Harold Dvorak, daktari mtafiti wa Marekani, aliandika tangu 1986 kwamba uvimbe wa kansa ni kidonda kisichopona, sasa cha mpasuaji kitafunga, huo uliouacha ndani unaita usiku na mchana, hapo kipi cha kuogopa?

Basi si wazizime tu hizo kemokini? Haiko rahisi hivyo. Kwenye panya wenye kansa ya matiti watafiti walizuia CCL2, mambo yakaenda vizuri, walipoisimamisha ile dawa kansa ikasambaa kwa kasi kuliko mwanzo na panya wakafa mapema (majibu yalitoka 2014). Afu kemokini nyingine ni za kwetu, CXCL9 na CXCL10 ndo zinazoleta seli T zinazoua kansa, ukizima zote umewafukuza na askari. Kwa hiyo huyo anayekuuzia chupa ya mizizi stendi akisema inazuia kansa kusambaa, muulize inaziba kipokezi gani.

Jingine linalowatisha watu ni kwapa. Mama ana uvimbe kwenye ziwa, anatoka theatre na mshono mpaka kwapani, ndugu wanaanza "si mnaona, imeshahamia huko." Kwapani kuna matezi ya limfu, CCL21 iko tele, na mara nyingi ndo kituo cha kwanza cha seli iliyobeba CCR7. Mpasuaji anatoa tezi pale ipimwe ijulikane kama seli za kansa zimeshafika, na majibu yake ndo yanasaidia kuamua dawa gani zifuate. Ndugu wamuulize daktari hilo kabla ya upasuaji, wasisubiri kuja kubishana wodini.