Kupokea inanijua, kutuma inaniuliza mi nani

Hivi nani alikaa akaamua simu ipokee barua pepe za dunia nzima bila neno, ila hii yangu moja ya kwenda kwa mteja ndo iombewe kibali? Maana kupokea simu yangu haina shida kabisa. Tangazo la vidonge vya kupunguza kitambi linaingia. Yule mwanasheria wa marehemu tajiri aliyeniachia mamilioni ya dola, sijui tulijuana wapi na huyo marehemu, anaingia saa nane usiku na mlio juu. Bili ya domeini, lile jina langu la mtandaoni, ndo usiseme, inawahi hata kabla ya tarehe. Ila nikisema na mimi nimtumie dada wa manunuzi profoma ya mapazia, ile karatasi ya bei, simu inazungusha kaduara, inazungusha weee, halafu inaniletea kisanduku kwamba imeshindikana na kopi imewekwa autboksi, kule barua zinakosubiri kutoka. Yaani imenihifadhia! Kwani nimeomba kuhifadhiwa mimi?

Niwaambie tu, mi nashona na kufunga mapazia, na barua pepe yangu ina .co.tz mwishoni kwa sababu ukienda ofisi za watu na anwani ya bure wanakuangalia mpaka viatu. Laptop ilikuwa inatuma vizuri tu, ikafa kioo, ndo nikahamia kwenye simu.

Sasa ukiweka akaunti kwenye simu hii inakuuliza mara mbili, juu seva ya kupokea, chini seva ya kutuma. Juu ukiacha kujaza jina na paswedi haikubali, sawa, nikajaza. Chini penye jina na paswedi pameandikwa kwa maandishi ya kijivu kwamba ni hiari. Mtu mzima ukiambiwa hiari unaacha, si ndio? Kumbe ni hiari ya ile michango ya kijiji, usipotoa mtendaji anakuja na mgambo. Kupokea ni seva moja na kutuma ni seva nyingine, hata kama majina yanafanana, na kila moja inataka ujitambulishe kwake upya.

Na ingesema hivyo ningeelewa. Badala yake inaniambia mpokeaji amekataliwa na seva kwa sababu hairuhusu rilei, kumbe ni kumpelekea barua mtu isiyemjua. Mpokeaji! We ungeelewa nini hapo? Nikampigia dada wa watu, samahani dada, naona anwani yako ina tatizo. Akanijibu, "Kaka, anwani hii wanatumia wazabuni wote, leo tatizo limeonwa na mapazia?" Ile sauti naijua, ni ya mtu anayetafuta namba ya fundi mwingine. Seva ni yangu, nailipia, inanikataa mimi kwa sababu sijajitambulisha, halafu inamsingizia mteja. Nikaogopa kazi itaenda, nikafungua profoma nikapunguza bei kidogo, nikatuma tena. Kaduara. Nikapunguza tena kidogo, maana muda nao ulikuwa unaenda.

Fundi simu Kariakoo hata hakusoma ile meseji. Akageuza simu nyuma, akageuza mbele, akasema mzee hii inataka kuflashiwa. Wale wote dawa yao ni moja, chaji haiingii waiflashi, spika inakoroma waiflashi, nahisi hata ungempelekea pasi.

Nikapiga kampuni ya hosti, wale wanaonitunzia barua pepe. "Boss kwetu seva iko poa, cheki setingi zako." Sijawahi kupiga kampuni ya mtandao nikaambiwa kwao hakuko poa. Akaniambia kwenye kutuma niweke poti, yaani mlango wa kupitia seva, namba 587, au 465, niachane na 25 kwa sababu mitandao mingi imeiziba kuzuia spamu. Nikamuuliza mbona karatasi mliyonipa nyie wenyewe imeandika 25? Kimya. "Boss hiyo karatasi ni ya zamani." Ya zamani wakati hela yangu waliichukua ikiwa mpya!

Jioni akaja shemeji yangu, kaka yake mama watoto, yeye anajua haya mambo ila hawezi kukutengenezea kitu bila kukupa historia kwanza. "Shem, utaratibu huu wa kutuma umeandikwa 1982 na Mmarekani mmoja Jon Postel, na haukuwa na paswedi kabisa. Ukiiambia seva peleka, inapeleka." Hebu ona, 1982 sisi huku tuko kwenye foleni ya sukari na sabuni, wenzetu barua zinaenda tu hakuna anayekuuliza we mtoto wa nani. Sasa nani kaharibu? Akasema matapeli na watu wa matangazo waligundua seva zinapeleka barua za yeyote, wakazigeuza za kwao, basi ikabidi zifungwe, na 1999 ukatoka utaratibu wa seva kudai jina na paswedi kabla ya kupokea mzigo wako. Yaani wale wa vidonge vya kitambi ndo wameniletea shida yote hii, na wao wanapita! Mi mwenye mapazia halali ndo nimekwama mlangoni. Nikamuuliza shemeji haki iko wapi, akaniambia shem niletee chai.

Akajaza pale kwenye hiari. Ikagoma, sasa hivi inasema wazi uthibitishaji umeshindikana, kosa namba 535. Kumbe jina inataka anwani nzima na ile @ yake, siyo kipande cha mbele. Akaweka nzima, bado. Kibodi ilishaweka herufi kubwa mwanzoni na nafasi mwishoni, hakuna aliyeiagiza, na paswedi unaona vidoti tu huwezi kujua nani kajipenyeza humo. Mama watoto akadakia eti Gmail yake ya bure haina shida hizo. Haina wapi, tangu Google walipobana 2022 programu yake ya zamani ya kusomea barua haipokei paswedi ya kawaida mpaka uwashe uthibitisho wa hatua mbili upewe paswedi nyingine ya herufi 16, kaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani.

Tulipogonga sana seva ikatuona wezi, ikafunga hata kupokea. Shemeji akazima waifai akawasha bando langu, anasema ukitoka na anwani nyingine ya mtandao inakuona mgeni. Akaweka 587, akawasha usimbaji, ule wa kuficha barua njiani, akafuta ile nafasi, akabonyeza.

Ikaenda! Nikaruka. Halafu nikaona ile autboksi inapungua. Inapungua yenyewe. Zile profoma zote zilizohifadhiwa zinaondoka kwa foleni, kila moja na bei yake, moja chini ya mwenzake, nabonyeza kusimamisha, wapi.

Haikupita muda dada wa manunuzi akapiga, safari hii na kicheko. "Kaka zimefika zote. Bosi kapitisha ile ya mwisho, na kasema VAT iwe humo humo. LPO, ile oda ya kununua, nimeshakutumia."

Sasa asilimia 18 naitoa wapi mimi?