Harambee ya chuo ianze mtoto akiwa chekechea

Watu wetu wa Kakamega naomba mnisikize. Kila mwaka ikifika Agosti simu yangu inajaa magrupu ya WhatsApp ya kuchangia mtoto wa fulani aende chuo, KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, imempa nafasi, barua imetoka, wiki mbili zimebaki na karo haiko, mkopo wa serikali wa HELB nao bado, sasa ndo tunaanza kukimbizana usiku na mchana. Natuma na nitaendelea kutuma. Lakini chenye kinaniuma ni wale hawajawahi kufunguliwa grupu, wale waliacha kujikaza wakiwa fom tuu juu waliangalia hali ya nyumbani wakaona hata wakipita hakuna kwenye wataenda.

Huku Michigan, Amerika, kuna mji unaitwa Kalamazoo. Mwaka wa 2005 kuna matajiri, na mpaka leo hawajajitaja majina, walisema mtoto yeyote akimaliza shule za umma za huo mji atalipiwa karo kwa vyuo vya umma vya jimbo. Kundi la kwanza lilienda 2006. Mwenye amesoma hapo tangu chekechea analipiwa asilimia 100, mwenye aliingia gredi ya tisa 65. Hakuna kupimwa umaskini, hakuna kungoja chifu asaini fomu, na si digrii peke yake, hata vyuo vya ufundi vimo. Chakula na nyumba unajitafutia, na hiyo si kitu kidogo. Lakini fikiria mama ako na mtoto wa miaka sita na tayari anajua karo ya chuo ipo! Huyo mtoto hata mwalimu anamwangalia tofauti.

Na tusiseme ni mambo ya wazungu wenye pesa. Hiyo Masinde Muliro yetu, chuo kikuu cha hapa Kakamega, ilianza 1972 ikiitwa WECO, na ilikuwa harambee ya wananchi, kama vile wenzetu wa Kisumu walivyojengewa chuo cha ufundi cha RIAT kwa michango. Wale wazee walikuwa wanachangia watoto ambao hata hawajazaliwa. Sisi siku hizi tunachangia mmoja mmoja, akishakwama, na basari ya CDF, ile pesa ya maeneo bunge, na ya kaunti inakatwakatwa vipande ndo kila boma lipate kitu, mwishowe wa kumaliza kosi nayo ni wachache sana.

Mi naona tuchague shule moja tu ya msingi. Kanisa, sacco, sisi wa ng'ambo na chuo kimoja cha ufundi kama Sigalagala tukae chini tuandikiane, tuwaambie wazazi wa gredi ya kwanza leo kwamba mtoto wenu akimaliza hiyo sinia skul mpya, karo ya kosi ya ufundi iko, hata asipopata alama za juu. Pesa tuanze kuweka kila mwezi saa hii, isishikwe na mwanasiasa yeyote, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila muhula. Mimi nishaongea na watu kadhaa wa kwetu huku na wako tayari, sasa tunatafuta mwalimu mkuu mwenye atakubali shule yake iwe ya kwanza.