Gunia Chini ya Kitanda

Jamani, mimi kulala vizuri nimeacha tangu masika ya 2024. Madeni ninayo, mawazo ninayo, lakini hayo nimeshayazoea. Kinachoninyima usingizi ni mahindi. Gunia zima limelazwa chini ya kitanda changu, na ili lienee, kitanda kimenyanyuliwa kwa matofali. Mimi, baba mwenye nyumba, kila usiku nadandia kitanda kama nadandia daladala.

Mvua ile mnaikumbuka. El Nino ilianza mwishoni mwa 2023, masika yakaipokea, Jangwani kukawa bahari. Na kabla maji hayajatuchosha, sukari ilikuwa imeshatuchosha: mtaani kwetu kilo ilifika 4,000, tena unaipata kwa kujuana, unapewa imeviringishwa kwenye gazeti kama bangi.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Urambo. Mama yule njaa anaifahamu kwa sura. Amepanga foleni za duka la kaya, amekula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu wa Simba walikuwa wanaumeza wamefumba macho. Akaingia jikoni kwetu, akafunua sufuria moja, akafunua ya pili, akakaa kwenye kigoda.

"Baba Rehema, humu mnanunua unga wa kupima?"

"Ndiyo, mama. Kila jioni kilo moja."

"Siku barabara ikifungwa mtasonga zulia?"

Iliniuma. Mimi ni mtunza stoo kazini, mwaka wa 22 huu. Nati, bolti, grisi, hakijawahi kupotea hata kidude. Nitashindwa na chakula? Kesho yake nikarudi na dona kilo 25 begani, nimetembea katikati ya uwanja ili wapangaji wote wanione. Baada ya wiki kadhaa ugali ukawa mchungu kama tumesongea kwinini. Mama mkwe alionja tonge moja, akalirudisha kwenye sahani taratibu. Akasema dona husagwa na kiini chake, kiini kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye joto hili la Dar yanachacha. Linalowekwa ni hindi, unga unasaga wa kula. Kilo zilizobaki wakala kuku wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hata asante hakusema. Kodi ikapanda.

Basi nikanunua gunia la mahindi. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe kuna mtihani wa maabara. Mama mkwe akachukua chupa kavu ya soda, akatia mahindi kidogo na chumvi kavu, akatikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. "Mabichi haya. Ungeyafunga hivi ungefuga ukungu." Ukungu huo ndio unaleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo likizo yangu ya mwaka, ambayo nilipanga kwenda kwetu, niliimalizia juu ya turubai uwanjani, na fimbo mkononi, nafukuza kuku. Walewale waliokula dona yangu. Walikuwa wanakuja kwa kujiamini kabisa, wanajua nyumba ina mkono wazi.

Siku ya nne chumvi haikuganda. Mama mkwe akasema sasa kanunue mfuko maalumu wa kuhifadhia nafaka. Nikauliza bei, nikaambiwa kama elfu tano. Mfuko mtupu! Nikasema gunia nililonunulia si lipo? Lina tundu gani?

Wiki ya pili, usiku wa manane, nikasikia krrr, krrr, krrr. Nikampiga kikumbo mama Rehema, nikamwambia panya. Nikamulika kwa simu. Panya hayupo, ila sakafuni kuna unga mweupe, laini, umemwagika kama tumepitisha mashine ya kusaga chumbani. Mama mkwe akaja na kitenge chake, akainama, akategesha sikio kwenye gunia kama daktari.

"Skania huyo."

Yaani dumuzi. Kwao Tabora walimpa jina la lori kwa jinsi alivyokuwa anasomba. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, katokea Amerika ya Kati huko, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo yuko chini ya kitanda changu anakula bila kuchangia kodi. Wana wangu watatu wanakula, yeye wa nne. Lakini wale wengine angalau nawafahamu majina.

Kulipokucha nikauleta mfuko bila kuulizwa. Tukapepeta, tukaanika tena, tukajaza. Una tabaka tatu: nailoni mbili ndani, nje sandarusi. Kila tabaka unakamua hewa na kulifunga peke yake kwa kamba. Mdudu aliyebaki ndani anatumia hewa iliyopo mpaka inakwisha, naye anakwisha. Sharti moja tu: usifungue ovyo, ukifungua umempelekea pumzi. Mfuko ule ulinyamaza siku chache baadaye, na mimi niliusikiliza kwa furaha ambayo si ya mtu mzima.

Maharage hayakunisumbua, hilo nakiri. Dumu la mafuta la lita 20, lioshwe kwa sabuni, likauke hadi harufu iishe, lijazwe hadi shingoni, kifuniko kibane. Rahisi kuliko yote. Ila baada ya miezi minane maharage yale yakawa na kiburi. Yanachemka asubuhi, adhuhuri bado yanakutazama. Pesa niliyookoa kwenye maharage nimeihamishia kwenye mkaa, na magadi juu yake.

Sasa, mimi kama mtaalamu wa stoo nikafungua daftari. Tarehe, kitu, kiasi, sababu ya kutoa. Nikaandika kwenye jalada: KWA DHARURA TU. Rehema, wa darasa la sita, nikampa ukarani. Mwisho wa mwezi nikakagua.

Mchele kilo 2. Sababu: Simba imeshinda.

Mchele kilo 2. Sababu: Simba imefungwa.

Sukari nusu kilo. Sababu: mama kasema.

Nikaita kikao. Nikasema dharura ni mafuriko, ni bei kupaa, ni mimi kupunguzwa kazini. Mama Rehema akanitazama. "Dada yako kaingia saa tatu usiku na watoto wanne, hajapiga simu. Hiyo kwenu mnaitaje?" Nikafunga kikao.

Halafu ikaja siku yenyewe. Mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi maji kila upande, barabara hakuna, kazini hakuendeki. Nikasimama mlangoni nikajinyoosha. Wenzangu wanahangaika, mimi nina gunia! Nikaukata mfuko mbele ya familia nzima, mahindi yanang'aa, hakuna hata tundu moja. Nikamtuma kijana mashineni na debe kichwani.

Akarudi na debe. Umeme umekatika, mashine haisagi.

Hakuna neno, nikasema, tupike kande. Maharage yapo, mahindi yapo. Mama Rehema akaniuliza kande za nini, mkaa ulikuwa nje na umelowa wote. Gesi? Ilikwisha juzi, kwenye maharage.

Tukakaa. Kilo karibu mia za chakula, watu sita, tunatazamana. Ilipofika saa saba nikakunja suruali, nikavuka maji hadi kwa Mangi, nikakopa mkate na mayai ya kuchemsha. Mangi akakohoa kidogo. "Mzee, si nasikia una stoo?"

Niliporudi Rehema alikuwa ameshaandika. Mkate 1, mayai 6. Sababu: dharura. Kwenye nafasi ya kutoka wapi akaweka: kwa Mangi. Akanisogezea kalamu nitie saini.