Eti watu wa bondeni hawathamini maisha

Kuna kikao nilihudhuria juzi, kiyoyozi kinavuma, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Bwana mmoja akatoa hukumu: "Hawa wa mabondeni shida yao hawathamini maisha." Vichwa vikaitikia. Sikujibu, tungegombana. Basi tugombane hapa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu Dar, waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, wakapewa viwanja. Wapo waliorudi Jangwani, bondeni jirani na Kariakoo. Tangu hapo kila masika wimbo ni uleule: wakaidi, wamezoea, wanangoja misaada. Hesabu hapigi mtu.

Haya, tuipige. Mama lishe wa Kariakoo anayelala Jangwani anakwenda kazini kwa miguu. Saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka, wapagazi wanakunywa chai. Mpeleke Mabwepande: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, konda anadai hela ya sufuria, na akifika mjini wateja wamekunywa chai kwa mwingine. Hasara hiyo ni ya uhakika, Jumatatu hadi Jumapili. Mafuriko ni ya huenda, na yakija, mara nyingi hubeba godoro na kuacha roho. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kama anataka kufa. Ameulizwa yuko tayari kutoa kiasi gani ili uwezekano wa kufa upungue kidogo, naye amejibu: kwa bei hiyo, hapana. Kapiga hesabu kuliko kikao kizima, na posho hakulipwa.

Mchumi Thomas Schelling aliliweka wazi jambo hili mwaka 1968: swali si bei ya uhai wa fulani, ni mtu atatoa nini ili hatari yake ishuke. Tuseme watu 10,000 wanakubali kutoa shilingi 5,000 kila mmoja, hatari yake ya kufa ishuke kwa moja kati ya 10,000. Imechangwa milioni 50, na kwa wastani kifo kimoja kimeepukwa. Wachumi husema basi, uhai una thamani ya milioni 50. Lakini nani hapo kauza uhai wake? Kawaulize watu 10,000 wa Masaki, mtaa wa matajiri, milioni zitapanda, kwa sababu mifuko imejaa. Au tuseme mama wa Jangwani anawapenda wanawe kwa bei nafuu?

Sawa, nakubali kwa shingo upande: binadamu hatupimi hatari vizuri. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky, mwaka 1979, walitoa mfano wa bastola, waliosema ni wa mchumi Zeckhauser: umelazimishwa kujifyatulia bastola yenye nafasi sita za risasi, bila kujua risasi ziko nafasi zipi, ila unaweza kulipa ili itolewe risasi moja. Wengi tungelipa zaidi kuiondoa risasi moja iliyobaki kuliko kupunguza nne ziwe tatu, ingawa kiuchumi mwenye risasi nne ndiye angepaswa kulipa zaidi, maana hela haina kazi kwa maiti. Tunanunua sifuri, ile raha ya kuambiwa hatari imekwisha kabisa. Ugonjwa huo hauko mabondeni peke yake: bwana wetu wa kikaoni gari lake lina bima kubwa, na nilipomwona akitoka getini, mtoto alikuwa amesimama katikati ya viti vya mbele, mkanda unaning'inia.

Mnataka mama yule ahame? Mpelekeeni gari linalotoka Mabwepande saa tisa usiku, linalobeba na masufuria bila nyongeza, kisha mwulizeni upya.