Eti "Hauziki"

Juzi nilikaa na watu ninaowaheshimu, wanachama wa chama kimoja, wakipitia majina ya waliochukua fomu. Likafika jina la mama mmoja. Alisifiwa robo saa nzima: anaijua kazi, hana doa, hamwogopi mtu. Kisha mzee mmoja akakohoa. "Shida yake moja tu, hauziki." Wote wakaguna kukubali, jina likapita.

Nikauliza: mzee wangu, hauziki kwa nani? Wewe hutampa kura? "Mimi ningempa, ila watu huko nje hawajawa tayari." Nikamgeukia wa pili, jibu lile lile. Wa tatu vilevile. Watu saba, wote wako tayari, wote wanawasemea watu wasio tayari. Hao watu wako wapi? Nadhani nao wamekaa mahali wanasema sisi ndio hatujawa tayari.

Hapo ndipo ninapokasirika. Anayesema "simtaki kwa kuwa ni mwanamke" au "simtaki kwa kabila lake" angalau ameweka wazi roho yake, tunaweza kubishana naye. Huyu wa "hauziki" ubaguzi ameukodisha kwa jirani. Yeye mikono yake safi, anahesabu kura tu. Na hesabu yenyewe kaitoa wapi? Kwenye kilichokwisha kushinda zamani. Sasa mtu wa aina ambayo haijawahi kusimamishwa atashindaje, kama sharti la kusimamishwa ni kwamba aina yake iwe imeshashinda?

Wakumbuke ya Obama, alipotafuta kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais. Mwaka 2007 wapiga kura wengi weusi wa Marekani walikuwa bado upande wa Hillary Clinton, na si kwamba walimchukia kijana wao. Waliamini wazungu hawatampa. Halafu tarehe 3 Januari 2008 akashinda Iowa, jimbo ambalo karibu lote ni wazungu. Tarehe 26 mwezi huo huo akazoa asilimia 55 South Carolina, Clinton akabaki na 27. Obama hakubadilika kati ya hizo wiki tatu. Hotuba zile zile, jina lile lile lililodaiwa kuwa gumu. Kilichobadilika ni kile ambacho watu waliwadhania majirani zao. Kwa hiyo niambieni, "kuuzika" kulikuwa ndani yake au vichwani mwetu?

Na wale waliochaguliwa kwa sababu "wanauzika"? Mwaka 2004 chama hicho hicho cha Democratic kilimpa nafasi John Kerry, mwanajeshi wa Vietnam mwenye nishani, kwa hesabu kwamba hakuna atakayethubutu kumwita mwoga mbele ya Rais Bush. Wapinzani wakaishambulia rekodi hiyo hiyo ya vita kwa matangazo, na Bush akarudi Ikulu. Reagan naye waliomwona mzee mno, na mkali mno kwa mrengo wake, hawakuwa wachache. Mwaka 1980, akiwa na miaka 69, alibeba majimbo 44 kati ya 50.

Haya, nikubali kidogo, tena kwa shingo upande. Kuna mgombea anayependwa na wanachama peke yao, na chama kikizama naye hakuna sera itakayopona. George McGovern, mgombea wa Democratic huko Marekani mwaka 1972, aliambulia jimbo moja na mji mkuu. Na hata hapa Tanzania, Lowassa wa 2015, waziri mkuu wa zamani aliyehama CCM, nasema hivi huku nimeuma meno, aliipa Chadema na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, karibu asilimia 40 ya kura za urais, wakati Dk. Slaa, mgombea wa Chadema mwaka 2010, alipata kama 26. Tarakimu hazidanganyi. Ila nazo tuzisome hadi mwisho. Chama kilichokuwa kimempigia kelele miaka na miaka kuhusu ufisadi kilijikuta kikimfulia kanzu, Slaa akaondoka, uchaguzi wenyewe wakashindwa, na Machi 2019 Lowassa akarudi zake CCM. Mgombea aliuzika kweli. Swali ni nini kingine kiliuzwa pamoja naye.

Kuhusu wafadhili wanaoamua nani anauzika kabla fomu hazijatoka, sitasema mengi, maana mnawajua.

Nikirudi kwa yule mama: fomu yake bado haijakatwa rasmi, wajumbe wanapiga kura Jumamosi. Mzee keshanipigia simu mara mbili. Anataka kujua eti mimi ninaonaje, watu watamkubali nani. Nimemwambia nitamjibu akishaniambia kwanza yeye mwenyewe anamtaka nani. Simu ya tatu bado haijaja.