Mboji na Urea Chini ya Mchungwa: Kipi Kitangulie?

Kwa wakulima wa matunda wa ukanda wa pwani, kuanzia machungwa ya Muheza hadi maembe ya Mkuranga, husikika hoja mbili zinazovutana: kwamba mbolea ya chumvichumvi huua ardhi, na kwamba mboji ni kazi ya kuchosha isiyolipa. Kila upande una ukweli wake.

Hoja ya wanaotegemea urea, mojawapo ya mbolea hizo za chumvichumvi, ni ya uzito. Tuchukulie kwamba mchungwa uliokomaa unahitaji gramu 400 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, kwa mwaka, na shamba lina miti 100. Hizo ni kilo 40, nazo zimo ndani ya mifuko miwili tu ya urea ya kilo 50, kwa kuwa asilimia 46 ya urea ni naitrojeni. Mboji yenye asilimia 1.5 ya naitrojeni ikiwa kavu, huku nusu ya uzito wake ikiwa maji, itahitajika zaidi ya tani 5, na hata hapo mwaka wa kwanza itaachia sehemu tu ya naitrojeni hiyo. Anayemwambia mkulima asiye na ng'ombe wala mkokoteni kwamba mboji ni ya bure hajawahi kuibeba.

Hata hivyo, chota mchanga wa shamba lisilowahi kutiwa samadi, uukamate kiganjani, kisha uumwagie maji: yatapita kati ya vidole bila kuzuiwa na kitu. Ndivyo inavyopita pia naitrojeni ya urea mvua za masika zinapopiga, ikazama chini kuliko mizizi midogo inayolisha mti, na fedha ya mkulima ikazama nayo. Tena urea na DAP (mbolea ya dukani yenye naitrojeni na fosforasi) zikitumiwa peke yake miaka mingi huongeza tindikali ya udongo, na katika udongo wenye tindikali kali fosforasi, kirutubisho cha mizizi na maua, hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu, hivyo mti hukosa kilichomo shambani. Mboji hushika maji na virutubisho, hupunguza kufungwa huko kwa fosforasi, na hulisha viumbe wa udongoni. Kazi hizo mfuko wa urea hauwezi kuzifanya.

Kwa sababu hiyo naegemea upande wa kutumia vyote viwili, kwa sharti kwamba mboji itangulie na mbolea ya dukani ifidie pungufu. Mboji isambazwe chini ya matawi kabla ya masika, mbali kidogo na shina, ifunikwe kwa matandazo. Urea ifuate udongo ukiwa umelowa, igawanywe mara mbili au tatu na kufukiwa, kwani ikiachwa juu sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Kuvikoroga pamoja na majivu katika lundo moja ni hasara tupu, kwa maana majivu huharakisha upotevu huo. Na mboji iwe imeiva kweli: maranda ya mbao au makumbi ya nazi yasiyooza yakichanganywa na udongo hunyang'anya naitrojeni iliyopo, majani yakageuka manjano, kisha lawama zote zikaiangukia mboji. Kwenye mwembe kuna tahadhari nyingine, kwamba naitrojeni nyingi karibu na msimu wa maua huchochea majani mapya badala ya maua.

Yupo mkulima mmoja ambaye ushauri huu haumfai, naye ni anayeuza matunda yaliyothibitishwa kuwa ya kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea za viwandani, katika soko la Ulaya. Kanuni za huko zinadai kipindi cha mpito cha miaka 3 kwa mazao ya kudumu, na mfuko mmoja wa urea unaweza kumrudisha mwanzo. Huyo atafute naitrojeni yake kwenye samadi ya kuku iliyooza vizuri na mikunde inayopandwa katikati ya mistari ya miti, akikubali kwamba mavuno yanaweza kupungua, na apige hesabu mapema kama bei ya soko hilo inafidia upungufu huo.